Likizo ya Ng'ombe Saba

Naomba mtu yeyote asiniulize tena kuhusu Japani. Nimelisema hilo katika chumba cha walimu kwa sauti ambayo mwalimu wa kike hatarajiwi kuitoa mbele ya wenzake, na bado kila muhula, akija mwalimu mgeni kutoka bara, wanamnong'oneza: "Yule alienda likizo visiwani Japani na mamake. Mwambie akuonyeshe picha." Naye anakuja, maskini, na kikombe chake cha chai na tabasamu. Picha ninayo. Mama amesimama juu ya mchanga mweupe kama unga wa ngano, nyuma yake maji ya rangi ambayo mimi, mwalimu wa lugha, sina jina lake, dera lake la rangi ya machungwa linapepea, na ameipa bahari mgongo. Wenzangu hudhani anaangalia kamera. Alikuwa anaangalia ng'ombe.

Basi nieleze mara moja tu, kwa maandishi, nikae kimya.

Mama yangu ni mfugaji wa Ijara. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya upili mjini Garissa, jambo ambalo watu wa bara hulicheka na watu wa kwetu hawalielewi. Mama hakulielewa hata siku moja. Kwake yeye Kiswahili ni lugha ya watu wasio wetu: ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, ya karani wa chifu, ya daktari wa zamu, ya yule Mmeru anayeleta viazi. Alijifunza maneno ya kutosha kuwajibu hao, akaishia hapo. Nilipofuzu chuo kikuu alinipongeza, akachinja mbuzi, kisha akaniuliza kwa upole, kwa Kisomali kama kawaida, ni kwa nini nilikaa miaka minne nikisomea lugha ya askari. Nyumbani kwetu hakuwahi kunitamkia neno moja la Kiswahili. Aliniita "hooyo", mama, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao kwa jina ambalo watoto nao huwaita wao.

Ukame wa mwisho ulipomaliza kazi yake, zizi lililokuwa likijaa mpaka ndama wanalala nje lilibaki na ng'ombe saba. Sitawaeleza jinsi wengine walivyokufa. Mtu wa kwetu anajua, na asiye wa kwetu ataniambia pole, na sitaki pole. Nitasema tu kwamba katika miezi ile ni mimi niliyekuwa nikitoka shuleni Ijumaa na kupanda gari la mizigo lenye marobota ya nyasi, ni mimi niliyebembeleza wenye boza, yale malori ya maji, na ni mimi niliyemkuta mama ameanguka juani kando ya ng'ombe aliyekuwa akijaribu kumwinua kwa mkia, mwanamke wa umri ule, na presha. Kaka yangu alikuwa akipiga simu.

Kaka yangu ndiye mtoto wa kiume pekee. Yuko Japani miaka kumi na miwili, anauza magari yaliyotumika, ana mke wa huko na binti wa miaka kumi. Baba alipofariki hakuja kumzika. Alituma rambirambi kwa sauti kwenye simu, dakika tatu, na nyuma yake nilisikia mtu akijaribisha injini.

Mwaka uliopita, baada ya mama kuanguka mara ya pili, kaka alinipigia. "Abaayo," akaniambia, dada, kwa ile sauti ya mtu aliyeketi mahali penye kivuli, "mama atafia pale zizini na wewe unaangalia." Akaniambia amepata nyumba Eastleigh, Nairobi, ghorofa ya tatu, ina lifti, hospitali iko hatua chache. Nikamwambia mama hataki hata kusikia. Akasema anajua. "Akiwa pale hatakubali. Mlete huku wiki mbili, tumpeleke visiwani apumzike. Huku nyuma ng'ombe wapelekwe soko la Jumatano. Akirudi, hana cha kumrudisha Ijara."

Binamu yetu anayechunga asingemwachia mtu ng'ombe wa mama kwa neno la mtoto aliye ng'ambo. Lakini kwa neno langu angewaachia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikija na nyasi. Kaka alihitaji niseme maneno mawili tu: hooyo amekubali.

Nikasema.

Msinitafutie udhuru, nimeshajitafutia mwenyewe, na kila mmoja ni wa kweli. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na Ijumaa zangu, na vumbi la barabara ile, na kuamka kila siku nikisubiri simu ya kuambiwa ameanguka tena. Niliwaza kwamba kilio cha siku moja ni afadhali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huo mdudu wa nguoni mwa mama nilikuwa mimi. Kaka alikuwa mbali mno hata kumuuma.

Kabla hatujasafiri kaka alipiga tena. "Mkifika uwanja wa ndege mtapewa fomu. Watauliza kama mmegusa mifugo au kuingia shamba la mifugo siku za karibuni. Semeni hapana. Wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo, watawashikilia huko siku nzima." Ndani ya ndege mama, ambaye asubuhi ya safari alikuwa amekamua kabla ya kufunga begi, alikuwa ameketi kando yangu. Alipoona nimejaza fomu yake akauliza nimeandika nini. Nikamwambia ni jina na tarehe tu. Tulipotua, kwenye foleni kulikuwa na zulia lililoloweshwa dawa, kila mtu anapitisha viatu juu yake. Mama aliuliza la nini. Nikamweleza. Akafurahi sana, akasema, "Watu hawa wana akili. Sisi tungekuwa na zulia kama hili pale Garissa sokoni, ile homa isingetuingilia," akarudi nyuma akavipitisha viatu vyake mara ya pili, kwa makini, huku fomu yake mkononi ikisema hajawahi kumgusa ng'ombe.

Tulipumzika siku moja, tukapanda ndege nyingine ndogo mpaka Ishigaki, kusini kabisa, mahali ambapo hata Wajapani wenyewe huenda kuogelea. Kaka alitupokea amevaa kaptura yenye maua. Nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na miwili, na nilichokitazama kwanza ni magoti yake. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akamsomea dua, akalia, naye akalia, na mimi nikalia kwa hasira, maana nilijua kile kilichokuwa mfukoni mwa kila mmoja wetu isipokuwa mama.

Sitasema visiwa vile ni vibaya. Ni vizuri mpaka vinaudhi. Maua yanamwagika kwenye kuta, watu wanakusalimu kwa kuinamisha kichwa, samaki analiwa akiwa bado anang'aa. Mke wa kaka alikuwa amebaki kazini, kwa hiyo tulikuwa sisi wanne: mama, kaka, yule binti, na mimi. Binti alijua Kisomali cha kuombea chakula na kuagia, akajifunza zaidi kwa siku tatu kuliko babake alivyomfundisha kwa miaka kumi, kwa sababu mama hakumwachia nafasi. Walikuwa hawaachani. Mama alikuwa amebeba chupa yake ya chai kutoka Ijara, ile ya chuma yenye kifuniko cha kikombe, na kila asubuhi aliijaza chai ya hoteli akilalamika kwamba maziwa yao ni maji yaliyopakwa rangi.

Siku ya pili ilinyesha. Mvua nzito ya ghafla, ilitukuta kwenye kibaraza cha hoteli. Wageni wengine walinuna kwa sababu hawangeweza kwenda majini. Mama alisimama akaiangalia ikimwagika kwenye bahari, muda mrefu, kisha akageuka kwangu na uso ambao niliujua, uso wa mtu anayetaka kugombana na hajui amshike nani.

"Inanyesha baharini," alisema. "Nani amefuga huko?"

Kaka alicheka. Mimi sikuweza.

Jumanne jioni, jua bado liko juu, simu yangu ililia ujumbe. Ilikuwa sauti ya binamu kutoka Ijara. Lori limefika, alisema, wanapakia. Alikuwa na swali moja: yule mchechemeaji naye apande, au hooyo amesema abaki? Kwa sababu mama alikuwa akimpenda yule mchechemeaji kupita kiasi, na binamu hakuamini kwamba ameruhusu. Mama alikuwa hatua tano kutoka kwangu, akimsuka mjukuu wake nywele. Ningeweza kunyanyua simu. Ningeweza kusema, ngoja. Niliandika neno moja: Wote.

Jumatano kaka alitupeleka kwa feri kwenye kisiwa kingine kidogo, Kuroshima, akasema kuna ufuo mzuri wa kuogelea kwa miwani ya majini. Hakusema, na naamini hakufikiria, ingawa kila mtu huko anajua, kwamba kile ni kisiwa cha ng'ombe. Wapo wengi kuliko watu. Ukishuka tu, huku na huku ya njia ni malisho yaliyozungushiwa kuta fupi za mawe ya matumbawe, nyasi zinafika matumboni, na ndani yake wamesimama ng'ombe weusi, wanene, wanang'aa, kila mmoja na kibandiko cha njano chenye nambari sikioni. Kando ya mazizi yamepangwa marobota ya nyasi yaliyofungwa kwa plastiki nyeupe, mengi, yametupwa tu pale kama mali isiyo na mwenyewe. Niliyahesabu. Nilikumbuka nilivyopigania marobota matatu.

Mama hakutembea tena kama mgonjwa. Alikuwa mbele yetu. Aliwaangalia mgongo, kwato, mkia, akawa anatoa hukumu kama hakimu. "Wamekula," alisema. Mbele kidogo: "Lakini hawajatembea hawa. Angalia miguu." Akamuuliza mjukuu wake wanaitwaje. Binti akasoma nambari moja sikioni. Mama alikunja uso. "Hilo si jina. Hiyo ni simu." Tulifika ufuoni, ndipo kaka akapiga ile picha, na mara tu alipomaliza mama akasema anarudi kule juu kuketi kivulini. Kaka akavaa miwani yake ya majini. Binti na mimi tukamfuata mama.

Tulimkuta ameshaingia zizini.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja amesimama kwenye uzio wa mbao, analia. Si mlio wa njaa. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka chuchu zimetazama pembeni, na upande wa pili wa uzio alikuwa ndama wake, mkubwa tu, anajibu. Mtu wa kwetu hawezi kupita mlio ule. Kwetu ndama hutengwa na mamake mchana, lakini jioni humwachii mama mzigo. Ndama huanza, anyonye kidogo, maziwa yashuke, kisha unamweka kando unakamua, na mwisho unamrudishia cha kwake. Na mpita njia mwenye kiu hanyimwi maziwa, wala haulizwi ni wa nani. Hiyo ni sheria iliyo kabla ya chifu. Mama alikuwa ameinua kijiti cha lango dogo, ndama amepita, ananyonya upande mmoja akipiga kichwa, na mama upande wa pili, amechuchumaa, paja la ng'ombe shavuni mwake, anakamua ndani ya kikombe cha chupa ya chai huku akimwimbia kwa sauti ya chini. Ng'ombe mgeni, wa nyama, ambaye nafikiri hajawahi kukamuliwa kwa mkono maishani mwake, alikuwa amefumba macho.

"Bismillahi. Kunywa, hooyo," akaniambia, akaninyooshea kikombe.

Nilikunywa. Yalikuwa ya moto na mazito, na sikuwa nimeona uso wa mama ukiwa vile tangu mvua zilipotukimbia. Nilikunywa yote. Saa ile, maana kwetu tuko nyuma yao saa sita, ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wamesimama sokoni Garissa, gizani, wakisubiri kupambazuke.

Kilori cheupe kikasimama. Akashuka mzee mwenye mabuti ya mpira, akatuangalia, akaangalia lango, akaanza kusema haraka. Mama alisimama bila wasiwasi, akajifuta mikono. Na kwa sababu mtu huyu si wetu, akamsemesha kwa lugha ya watu wasio wetu, Kiswahili chake kisichojua p wala v.

"Habari, mzee. Bole. Hii ng'ombe yako nalia. Maziwa najaa, naumiza yeye. Wewe natenga mtoto, sawa, lakini kamua yeye. Hii ni fibaya."

Yule mzee akanitazama mimi. Kaka naye akafika mbio kutoka ufuoni, miguu imejaa mchanga, kaptura inachuruzika maji. Akainama. Akainama tena. Walisemezana. Mzee aliuliza kitu, akanyoosha kidole kwa mama, akauliza tena, akionyesha viatu vyake. Kaka akatikisa kichwa kwa nguvu, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, akagusa kichwa chake kwa kidole, hapa, pembeni ya jicho.

Mama aliona kidole kile. "Amesema nini?" alimuuliza mjukuu wake.

Mtoto aliyelelewa vizuri hajui kudanganya haraka. Alitafuta maneno yake machache ya Kisomali moja moja, bibi akimwita ayeeyo na baba aabo. "Yule mzee ameuliza ayeeyo anatoka wapi. Kama anafuga ng'ombe. Aabo amesema hapana. Amesema ayeeyo hajawahi kuwa na ng'ombe." Akamtazama babake. "Amesema kichwa chako ni kigonjwa."

Nitasema haki ya yule mzee: alikuwa na haki ya kuogopa. Ugonjwa mmoja ukiingia kisiwa kile wanamalizwa wote, na mama alijua hilo kuliko kaka. Hakumkasirikia mwanawe pale. Alimpita, akaenda akasimama mbele ya mzee, akanyanyua vidole saba.

"Yeye nasema uongo. Mimi ni mtu ya ng'ombe. Iko saba. Natoka kwao siku tano, natoka kukamua. Leta dawa, bwana. Osha mimi."

Akamrudia mjukuu kwa Kisomali, naye akatafsiri, huku babake akimkemea anyamaze, naye hakunyamaza. Mzee akaenda kwenye kilori chake, akaja na bomba la kupulizia dawa, akatupulizia viatu, na mama akamnyooshea mikono yote miwili mpaka viwiko. Akapiga simu. Tukaambiwa tukae pale pale, wanakuja watu wa mifugo na daktari wao kwa feri kutoka Ishigaki.

Tulingoja kwenye ukuta wa mawe zaidi ya saa mbili. Kaka alikuwa akitembea huku na huku akisema wazi wazi, kwa Kisomali, kwamba ameaibishwa, kwamba leseni yake ya biashara, kwamba mama hajui mambo ya watu. Nilikuwa na maneno ya kumjibu yaliyonijaa kinywani kama mchanga, na sikuyatoa, kwa sababu kila tusi nililolitafuta lilinifaa na mimi. Mzee wa mabuti akaleta maji. Kupitia kwa binti alieleza kwamba yule ndama anauzwa kwenye mnada wiki ijayo, ndiyo maana ametengwa, azoee.

"Na mama yake ameambiwa?" mama aliuliza.

Binti alitafsiri, na mzee akacheka kidogo, kwa heshima. Mimi nilitoa simu, nikairudisha mfukoni.

Maofisa walipofika ilikuwa karibu saa nane mchana. Walikuwa wapole. Mmoja alijua Kiingereza, akaniuliza mimi, kwa kuwa jina langu lilikuwa juu ya fomu ya safari. Je, ni kweli huyu mama ana mifugo? Kwa nini fomu inasema hana? Nikasema fomu niliijaza mimi, na nilidanganya. Akaandika. Akauliza wangapi. Mama, ambaye hakujua Kiingereza lakini alijua swali, akanyanyua tena vidole saba, akanigeukia nithibitishe.

Niliviangalia vile vidole. Vilikuwa bado na harufu ya dawa. Nikamwambia ofisa anisubiri dakika moja, nikaenda nyuma ya marobota yale meupe, nikampigia binamu. Nyuma yake nilisikia soko: fimbo, madalali, lori linanguruma.

"Simamisha," nikamwambia.

"Kusimamisha nini? Watano wameshauzwa. Wako juu ya lori la Nairobi, limeshavuka daraja. Wawili wamekataliwa, mchechemeaji na yule mzee wa pembe iliyovunjika. Hakuna aliyewataka."

"Rudisha hao wawili Ijara!" Nilipiga kelele, kwa Kisomali, mbele ya serikali ya Japani na ng'ombe wake wote. "Rudisha hao wawili leo hii! Mama hakukubali! Mimi ndiye niliyesema uongo!"

Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu, ameshika chupa yake ya chai.

"Wawili gani?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote palepale, nimesimama, na kaka akaja akaanza kusema, "Hooyo, ni kwa ajili ya afya yako," nikamwambia anyamaze kwa neno ambalo sitaliandika. Mama hakutazama yeyote kati yetu. Aliketi juu ya ukuta. Alitaja wale watano kwa rangi zao, mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayewaita waingie zizini jioni. Kisha akasema, "Alhamdulillahi kwa hao wawili." Akajifunga mtandio wake vizuri, akasimama, akamtazama mwanawe ambaye yeye mama alikuwa amembeba mgongoni kutoka kisima mpaka kisima.

"Asante sana, bwana," alimwambia, kwa Kiswahili. "Mahali yako ni muzuri. Watu yako ni muzuri. Sasa rudisha mimi kwangu."

Kaka hakuelewa kilichompata. Alidhani mama amechanganyikiwa, akamjibu kwa Kisomali, akamsihi. Mimi nilielewa mara moja, nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamwita hooyo, hooyo. Aliutoa mkono wake katika wangu kwa adabu, kama unavyoutoa katika wa karani.

"Na wewe, mwalimu," alisema. "Beba hii chuba."

Nikaibeba. Niliibeba mpaka Ijara.

Hiyo ndiyo likizo. Kaka hupiga kila Ijumaa, mama hupokea, humuuliza hali ya mjukuu wake kwa Kisomali kizuri, akipewa binti huongea naye mpaka simu inapata moto. Simu ikirudi kwa kaka, mama husema, "Haya bwana, mimi iko salama," anakata. Hajamlaani. Ningetamani amlaani. Mtu humlaani aliye wake.

Mimi huenda Ijara kila wiki ya pili. Yule mchechemeaji alizaa, jike, kama kutuumbua, na mvua za mwaka huu zimekuwa za kuridhisha. Jumamosi iliyopita nilifika mchana, jua kali, nikapiga hodi ya mlangoni kwa Kisomali. Mama alikuwa ametoka kukamua, kibuyu kimejaa, povu juu. Binamu alikunywa. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi alikunywa. Mpita njia mmoja aliyekuwa akitafuta ngamia wake aliyepotea, mtu ambaye hatujawahi kumwona, alikaribishwa, akanywa mpaka akashiba.

Mimi alinitandikia mkeka, akanitolea kiti cha plastiki kile cha wageni, akaingia ndani. Akatoka na maji ya chupa, yale ya dukani, bado yamefungwa, ambayo huwekwa kwa ajili ya maofisa wanaokuja kutoka serikalini.

"Karibu, mwalimu," aliniambia. "Safari bole."

Nikayafungua, nikayanywa.